Wembe wa Msiba wa Babu Yako

Mwita wangu,

Zile salamu za barua, za natumaini u mzima wa afya, nimeziruka. Uzima wako nausikia kwa masikio yangu kutoka huko uwanjani, unacheka na Wambura mpaka kuku wangu wanashtuka. Umesema unaaga watu halafu mtarudi wote wawili kula. Haya. Nimetandika mkeka nyuma ya jiko, maharage yako motoni, jua bado liko juu. Kalamu ni ile yako ya mtihani, inavuja. Ukikuta madoa usiseme mama alikuwa analia. Nikilia nitakuambia mwenyewe.

Habari za blanketi siandiki. Wala za kufua, wala za kupokea simu ninapopiga. Hayo nimeyasema wiki nzima, na jana ulinijibu "sawa mama" hata kabla sijafungua mdomo. Mengine utafundishwa na njaa ukifika huko Chunya kwenye machimbo. Kupika hujui, na Wambura naye anaunguza maji. Mungu awasaidie.

Ninachotaka kusema ni cha leo asubuhi.

Mlikuwa mnapigilia bati juu ya banda la kuku, zawadi yenu ya kuniaga. Bati likateleza, likakuchana kidole gumba, damu ikatoka ya kutosha. Wambura akaruka, akakikamata kidole chako kwa mikono yake miwili akakibana. Mikono yenyewe ilikuwa imechanwachanwa na seng'enge tangu mlipoanza kazi, nimeiona. Akasema, "Tulia, mura, leo hufi." Mkacheka. Kisha wewe ukaniangalia, nami nikakuangalia. Ukainamisha macho. Mimi nikageukia sufuria.

Nilichofanya ni kuleta jagi la maji na kipande cha sabuni. Nikammwagia Wambura mikono kwa muda mrefu, nikamwambia aoshe tu, asiminye wala asikamue. Akaona mchezo: "Mama Mwita, unaniosha kama bwana harusi!" Hakuna aliyemwambia kwa nini anaoshwa. Tulinyamaza wote wawili, na kule kunyamaza kwako nilikutambua mara moja. Ni mimi niliyekufundisha.

Kwa hiyo sasa nisikilize, mwanangu, maana hii sijawahi kukuambia.

Ulipokuwa darasa la tano uliniuliza kwa nini wewe tu unapelekwa hospitali ya Mugumu kutolewa damu kila baada ya miezi sita, na watoto wengine hawapelekwi. Nikakuambia una homa ya ini, ile wanayoiita B, na kwamba ulizaliwa nayo. Ukasema, "Aha," ukaenda kucheza. Ulinisamehe hapo hapo kwa kitu ambacho sikukifanya, na kile nilichokifanya nikakificha nyuma yake.

Hukuzaliwa nayo, Mwita. Mimi nilipimwa, baba yako akapimwa, hatunayo.

Wakati rashi ya dhahabu inalipuka huku kwetu wewe ulikuwa mgongoni. Watu walikuja kutoka kila upande, Wajaluo, Wasukuma, mpaka Waikoma walioacha kazi zao za hoteli kule kwenye geti la mbuga. Kila aliyekuwa na sururu alikuwa anachimba. Baba yako akaingia duarani, kule chini shimoni. Mimi kuponda mawe na mtoto mgongoni nilishindwa, basi nikawa kinyozi. Ndiyo, mama yako huyu! Mwanamke ananyoa wanaume mashimoni. Bibi yako aliposikia alitema mate chini na hakunisemesha mpaka mavuno.

Lakini nilikuwa hodari, usinicheke. Walisema nina mkono mwepesi. Wembe mmoja nilikuwa nauvunja katikati, nusu naibana kwenye kijiti, na hiyo nusu inanyoa kichwa baada ya kichwa mpaka iwe butu. Nilijisifu kwa hilo. Kutupa wembe ambao bado unakata niliona ni uzembe wa watu wa mjini. Na sindano zako za utotoni zilitupita tukihama shimo hili kwenda lile. Kadi yako ya kliniki, samahani baba, nilimfungia bibi yako ugoro.

Ulipokuwa na miaka minne babu yako akafariki, yule mwenye jina lako. Unajua kwetu mwenye boma akishazikwa ukoo unanyolewa. Bibi yako akaweka kigoda uani, juu yake paketi nzima ya nyembe. Akaniita mbele ya watu wote. "Wewe si ndiye kinyozi? Haya, nyoa." Alisema kwa ukali, lakini mimi nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza anipe kazi ya heshima katika boma lile.

Paketi nzima, Mwita. Ilikuwa pale mbele yangu, na mimi nikachukua wembe mmoja. Mkono ulifuata mazoea tu.

Wa kwanza kunyolewa alikuwa baba mkubwa Marwa, kwa kuwa ndiye mtoto wa kwanza wa marehemu. Alikuwa amekonda, tumbo tu ndilo limebaki, na macho yake yana rangi ya mafuta ya mawese. Nikafikiri ni kilio. Kisogoni alikuwa na kovu lililovimba, wembe ukalikwaruza, akatoka damu kidogo. Nikaufuta kwenye kanga. Wa pili ulikuwa wewe, kwa sababu ya jina. Ukakaa vizuri mpaka mbuzi wa bibi akapita amebeba kiatu cha mgeni mdomoni, ukageuka kumtazama, nami nikakukata juu ya sikio. Hilo kovu ndilo hilo ambalo unawaambia wasichana ni panga la wezi wa ng'ombe. Nimekusikia mara nyingi. Mwongo mkubwa wewe.

Ghati alikuwepo, yule binti wa shangazi yangu, nesi wa Mugumu ambaye wewe unamwita mama mdogo. Alikuja kuzika. Aliona yote. Akanivuta nyuma ya ghala akaniuliza, "Dada, macho ya shemeji yako umeyaona?"

Nikasema, "Amelia sana."

"Kilio hakifanyi macho kuwa ya njano. Sijampima, sijui ana nini. Lakini kama ni ini, damu yake imeingia kwa mtoto. Muoshe kichwa sasa hivi kwa sabuni na maji mengi. Huo wembe utupe. Na kesho asubuhi tuondoke wote watatu twende Mugumu, kuna chanjo. Ikianza mapema inaweza kuuwahi ugonjwa kabla haujakaa. Siku ya kwanza ndiyo bora, dada. Usichelewe."

Nilikuosha. Wembe niliutupa chooni. Waliobaki niliwanyoa kila mmoja na wembe wake, bibi yako akanuna kwamba najifanya mzungu. Unaona basi nilikuwa nimeelewa? Nilielewa kila neno.

Asubuhi Ghati alikuwa amesimama njiani na begi lake, na mimi sikwenda.

Ningesema nini, Mwita? Kwamba nambeba mjukuu mwenye jina la marehemu, namtoa msibani, kwa sababu baba yake mkubwa ana damu mbaya? Niseme mimi, mwanamke niliyetoka kunyoa wanaume mashimoni, siku moja tu baada ya bibi yako kunipa kigoda? Niliogopa. Nikamwambia Ghati, "Tangulia. Msiba ukiisha nakuja." Akaniangalia, akataka kusema kitu, gari likapiga honi.

Msiba ukaisha. Halafu mto Mara ukajaa. Halafu mtama ulikuwa unaliwa na ndege. Wewe ulikuwa unakimbia uani, kichwa kinang'aa, unakula kama fisi, na mimi kila asubuhi nilikutazama nikasema moyoni, mbona mzima? Nilipofika Mugumu, Ghati alihesabu siku kwa vidole vya mikono yote miwili, akavimaliza, akaanza upya. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Wakatupima wote. Wakakuchanja palepale, lakini daktari hakunificha kwamba nimechelewa. Baada ya miezi sita wakakupima tena, na ugonjwa ulikuwa bado umo. Akasema umekaa. Nikamuuliza, ningekuja siku ile Ghati aliyosema? Akasema pengine ungezuilika, pengine usingezuilika, hakuna anayeweza kuniapia. Hiyo pengine nimekula nayo na kulala nayo miaka kumi na tano.

Na baba mkubwa Marwa tumbo lilimjaa maji akatutoka. Wakasema amerogwa na jirani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nikanyamaza tena. Ni Ghati aliyemfuata mjane wake akampeleka kupimwa yeye na watoto.

Mwanangu, wembe nimeshajisamehe. Sikujua, na asiyejua hajui. Zile siku ndizo sijazisamehe, kwa sababu zile nilikuwa najua. Wewe kama utanisamehe au hapana, hilo ni lako. Siliombi kwenye karatasi. Utaniambia siku ukitaka, hata ukiwa na mvi.

Sasa nilie kidogo. Nilikuambia nitakuambia.

Haya, nimemaliza. Maharage yalitaka kuungua.

Unakumbuka kile kikombe chekundu cha plastiki? Ulikipenda, ulifikiri ni zawadi. Kumbe mama yako, baada ya yale majibu, alikuwa amekutengea kikombe na sahani na kijiko, na nilikuwa naviosha kando kwa maji ya moto. Mtoto wangu mwenyewe! Siku moja Ghati akaja, ukamuuliza mbele yangu, "Mama mdogo, mbona kikombe changu hakuna mtu mwingine anakinywea?" Ghati akanyoosha mkono. Akakichukua, akajimiminia uji, akanywa wote mpaka akalamba ukingo. Kisha akanigeukia mimi kwa macho yale unayoyajua. Jioni ile ulikula kwenye sinia letu, na mimi nilikubana ubavuni mpaka ukalalamika kwamba nakuumiza. Sahani haiambukizi, wala kukumbatiana, wala kulala chumba kimoja. Ni damu, na mambo ya mume na mke, na mama kumpa mtoto anapojifungua. Nilijua hayo baada ya kukuumiza kwa kikombe.

Kwa hiyo mtu akikukimbia huko Chunya kwa sababu ya sahani, muonee huruma, na mimi nilikuwa hivyo. Lakini wembe wako uwe wako peke yako, na mswaki, na kile kimkasi cha kucha. Huko mashimoni wana mtindo wao, mnaujua hata hapa, kwamba kabla ya kushuka duara jipya mganga anawachanja chale timu nzima ili dhahabu iwakubali, na anatumia wembe mmoja, anamaliza huyu anashika yule. Wewe najua huamini, lakini wenzako wakipanga mstari utaona aibu kubaki nje. Baki nje. Na usikae kimya wakati wenzako wanachanjwa. Sema kila mtu aje na wembe wake. Wakikuuliza umeyatoa wapi, waambie mama yako alikuwa kinyozi.

Gongo usiguse, ini lako lina kazi ya kutosha. Na wale wa mizizi wanaosafisha ini, waambie lako ni safi. Ukipata msichana, na utapata, kwa hilo panga lako la wezi wa ng'ombe, mwambie kabla, apimwe, achanjwe sindano zake zote, muoane, mniletee wajukuu. Watoto wakichanjwa siku ile ile wanapozaliwa wanakuwa salama. Ghati amenihakikishia na mimi nimemuuliza mara tatu.

Tena, daftari lako la kliniki nimelikuta nyuma ya gunia la mtama. Halikuanguka, bwana. Umelificha. Hujawahi kukosa hata mara moja kupima tangu utotoni, na mpaka leo daktari anasema ini lako linakwenda vizuri, hata vidonge hujahitaji. Sasa kwa kuwa unakwenda kuwa mwanaume wa Chunya unataka kuliacha na panya? Nimelirudisha kwenye begi, katikati ya mashati mawili. Ukifika tafuta hospitali kabla hujatafuta duara.

Najua kwa nini umelificha. Ni Wambura. Mtalala hema moja, mtashuka kamba moja, yeye atakushikia kamba na wewe utamshikia. Unaogopa akijua atatafuta mwenzake mwingine, na awaambie vijana wote wa hapa kwetu Genkuru. Inawezekana. Siwezi kukudanganya kwamba haiwezekani. Moyo unaniuma kwa ajili yako, Mwita, kweli unaniuma, kwa sababu aibu unayoibeba niliianzisha mimi kwa lile neno la kuzaliwa nayo na kwa kile kikombe. Ningeweza ningeibeba badala yako.

Lakini Wambura aliona damu ya rafiki yake akaishika kwa mikono yenye vidonda, hakufikiri mara mbili. Alifanya vile kwa kukupenda. Na yeye ni kama wewe, mtoto wa rashi. Nimemuuliza mama yake mchana huu, kwa mzunguko, nikijifanya nauliza habari za chanjo za wajukuu. Wambura hajachanjwa.

Kwa hiyo nimempigia Ghati. Ndiyo, nimefanya hivyo bila ruhusa yako, kasirika. Amesema zahanati ya hapa hiyo chanjo hawana leo, lakini yeye yuko zamu kesho tangu asubuhi, na tukiwahi tutakuwa bado ndani ya muda mzuri. Atampima, atamchoma ya kwanza, na kama daktari ataona inafaa kuna sindano nyingine ya kinga iliyo tayari, ataulizia. Zilizobaki atazipata Chunya kwa kadi yake, na asiziache njiani, halafu apimwe tena baada ya miezi kadhaa. Na basi la Musoma mtakaloanza nalo safari si linaanzia hapo hapo Mugumu? Bodaboda ya alfajiri inawafikisha, safari yenu haiharibiki. Kila kitu kimepangwa isipokuwa kimoja, kwamba Wambura hajui.

Siri ni yako. Daktari alisema hivyo na mimi naiheshimu. Ningekuwa na namna ya kumpeleka yule kijana Mugumu bila kutaja jina lako ningempeleka hivyo, nimejaribu kuitafuta tangu asubuhi. Lakini leo hii hakuna damu nyingine iliyomwagika kwenye banda langu.

Barua hii naiweka juu ya begi lako. Utaiona ukiingia kuchukua taulo, maana najua utaoga kabla ya kula. Isome yote. Kaa kidogo. Ukitaka kunichukia anza hapo hapo chumbani, kisha utoke.

Nimesonga ugali wa muhogo na mtama, ule mzito unaoupenda, na kuna kichuri, ule mchuzi mchungu wa utumbo. Sinia moja, sisi watatu. Nitakaa kwenye kigoda changu nitawatazama mkila, kwa sababu sijui lini tena nitakuona unakula. Mkimaliza, kabla ya kunawa, nitasubiri. Ukianza kusema wewe, sitaongeza neno hata moja, na unajua jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu kwangu. Nitakaa ubavuni kwako. Ukishindwa, mwanangu, sitakulaumu, nilishindwa na mimi nikiwa mtu mzima mwenye mtoto. Lakini nitasema mimi, kabla Wambura hajainuka kwenye mkeka.

Leo hii, Mwita. Siyo msiba ukiisha.

Ni mimi mama yako, kinyozi,
Robhi